Lenzi ya f/9 inakutosha: niliyoongea na wapiga picha wa kamera kubwa pale Moshi

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Mwenyekiti asante kwa kunikaribisha na asante kwa chai, umeme umekatika lakini watu wa kamera kubwa giza si tatizo, nusu ya maisha yetu tuko chini ya kitambaa cheusi. (Nimeandika hapa kama nilivyoongea, nimeondoa tu vicheko na yale mabishano ya tripodi yaliyotaka kutumalizia muda.)

Nimeombwa niongelee lenzi nyepesi, zile za kuweka kwenye begi la mgongoni ukapanda nazo mlima au ukatembea nazo kutwa nzima, kwa ajili ya foo bai faivu. Kwa wageni ambao leo ndio mara yao ya kwanza, foo bai faivu ni kamera ya filamu za shiti, shiti moja moja ya inchi 4 kwa 5, nyuma kuna kioo cha ukungu, mbele lenzi imekaa kwenye kibao chake, katikati belosi ya kukunjika, picha unaiona miguu juu kichwa chini, unapiga moja unatoa holda unageuza. Ni ya polepole na ni nzito. Na mimi nionavyo wengi wanaoiacha hawaiachi kwa sababu ya bei ya filamu, wanaiacha kwa sababu ya mgongo.

Neno langu la leo ni moja na nalisema mapema ili anayewahi daladala aondoke nalo: usibebe mwanga ambao hutautumia. Lenzi ya f/9 inakutosha (hiyo f/ ni namba ya ukubwa wa tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo na mwanga ni kidogo). Mengine yote ni maelezo, na maelezo ninayo mengi so kaeni vizuri.

Kuna Mtaliano mmoja anaitwa Vittorio Sella, mtu wa Biella, kazaliwa 1859, huyu kwa picha za milima ni babu yetu sote, hata Ansel Adams, yule Mmarekani maarufu wa picha za milima, alimheshimu sana. Mwaka 1906 alikuja huku kwetu na Duke wa Abruzzi, wakapanda Rwenzori pale mpakani mwa Uganda na Kongo, tarehe 18 Juni Duke akasimama kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, na Sella akapiga barafu na ile misitu ya ajabu ya senesio na lobelia kubwa kuliko mtu. Nendeni mkazitafute zile picha, zina makali ambayo simu yako ya mwaka huu haijayafikia. Ila sasa huyo Sella ujanani kule Alps alikuwa anapiga kwenye sahani za kioo za sentimita 30 kwa 40, sahani moja inakaribia kilo, yani kila ukibonyeza shata umemaliza kilo. Aliwezaje? Nguvu alikuwa nazo, ila na wapagazi walikuwepo, msururu.

Wewe wa leo huna msururu. Ukipanda hapo juu kwetu Kilimanjaro mpagazi kawekewa kikomo cha kilo 20, na hicho kikomo ni cha haki kabisa, humo kuna hema na chakula na nguo zako na vitu vyake mwenyewe, sasa ile lenzi yako ya kilo moja na robo unataka aibebe nani? Utaibeba wewe, na ukifika kambi ya Barranco hutaki hata kuitoa kwenye begi. Lenzi ambayo haitoki kwenye begi haipigi picha hata iwe ya mfalme.

Haya tuingie kazini. Lenzi ya kamera kubwa inaletewa uzito na vitu viwili hasa, ukubwa wa tundu lake likiwa wazi kabisa, yani apecha, na ukubwa wa duara la picha inalolitupa kule nyuma. Halafu hivyo viwili vinaita cha tatu ambacho ni shata, kile kifaa cha kufungua na kufunga mwanga, maana vioo vikubwa vinataka shata kubwa. Mfano ambao huwa naupenda ni wa Nikon kwa sababu wao walitengeneza zote mbili. Kuna Nikkor W ya 300mm f/5.6, ipo kwenye shata la Copal 3 (Copal ni watengenezaji wa mashata, 0 ni dogo, 1 la kati, 3 kubwa), inapita kilo moja, filta yake ni 95mm, ukiishika unaona umeshika kitu cha kupimia mchele. Halafu kuna Nikkor M ya 300mm f/9, shata Copal 1, filta 52mm, gramu 290. Zote ni 300, yani urefu wa lenzi ni mmoja, kutoka sehemu moja zinakupa mlima wa saizi ileile kwenye filamu. Tofauti ya uzito ni karibu kilo nzima! Kilo hiyo ni maji yako ya kunywa lita moja.

Sasa swali la haki, hiyo kilo inakupa nini? Maana waliotengeneza sio wajinga. Cha kwanza inakupa duara kubwa zaidi, hilo nitalirudia. Cha pili inakupa kioo cha nyuma chenye mwanga zaidi wakati unafokasi, kutoka f/9 kwenda f/5.6 ni kama stopu moja na theluthi (stopu moja ni mwanga mara mbili), yani ile ya f/9 inakuletea kwenye kioo kama asilimia 40 ya mwanga wa mwenzake. Hiyo ni tofauti ya kweli siwadanganyi, asubuhi sana kabla jua halijatoka utaihisi. Ila ikishafokasiwa, wote wawili mnafanya nini? Mnafunga mpaka f/22. Nani hapa anapiga mandhari ya foo bai faivu kwa f/5.6? (Kuna kijana kanyoosha mkono, nikamwambia wewe unapiga potreti, kaa chini, wewe nenda kaibebe hiyo nzito studio inakufaa.) Mandhari tunataka jiwe la hapa miguuni na kilele cha kule vyote vikae makali, so tunainamisha lenzi kidogo mbele halafu tunafunga f/22, wakati mwingine f/32. Ukifika f/22 ile f/5.6 uliyoilipia na kuibeba imeshalala, imefungwa humo ndani kama gari la V8 kwenye foleni ya Ubungo. Na hata hivyo f/22 ndipo lenzi nyingi hizi zilipimwa, ukisoma karatasi zao duara la picha linatajwa kwa f/22.

Na mwanga tunao jamani. Jua la wazi la huku, filamu ya ISO 100, kwa f/22 ni kama 1/50 ya sekunde. Ukiingia kivulini na ukaweka filta nyekundu unaenda kwenye sekunde nzima, lakini si una tripodi, unakimbilia wapi, mlima hauondoki. Kitu kinachoondoka ni ukungu, na huo hausubiri hata mwenye f/5.6.

Nimemtaja Ansel Adams, ngoja nimalizie na yeye kabisa kwa sababu ile picha yake ya Half Dome, lile jabali la Yosemite kule Marekani, ile inaitwa Monolith, ni somo la begi kuliko la sanaa. Aprili 10 mwaka 1927, kijana wa miaka 25, kapanda kwenye theluji na kamera ya Korona ya sahani za inchi 6.5 kwa 8.5, lenzi mbili, filta mbili, tripodi nzito ya mbao, na sahani 12 za kioo. Begi linakwenda pauni 40, hiyo ni kilo 18. Kufika pale juu kabakiwa na sahani mbili tu. Ya kwanza kapiga na filta ya njano, akaona haitampa lile anga alilolitaka kichwani, ya pili akaweka nyekundu nzito, namba 29, sekunde tano kwa f/22, na hiyo ndiyo iliyomtoa. Lenzi gani? Tessar ya inchi 8 na nusu, kama 215mm hivi kwa hesabu zetu. Vioo vinne tu kwenye makundi matatu, mpangilio aliobuni Paul Rudolph pale Zeiss mwaka 1902. Na ile Nikkor M ninayowapigia debe mpangilio wake ni huohuo, vioo vinne makundi matatu, basi imepakwa koti za kisasa za kuzuia mng'ao. So mtu akikwambia lenzi nyepesi ni za kujifunzia tu mwambie akaangalie ule ukuta wa Half Dome.

Sasa duara la picha. Hapa ndipo watu wanapochanganywa na wauzaji kwa hiyo nitakaa kidogo. Lenzi inatupa mwanga wa duara kule nyuma na filamu yako inakaa ndani ya hilo duara. Foo bai faivu sehemu inayopata picha ni kama milimita 95 kwa 120, kona kwa kona ni 153. Kwa hiyo lenzi yenye duara la 153 inafunika filamu kamili ila haina pa kusogea, ukiipandisha lenzi kidogo tu (kamera hizi lenzi inasogezwa juu ili kilele kiingie bila kuinua kamera) kona zinakufa, zinakuwa nyeusi. Lenzi yenye duara la 400 inafunika hata kamera ya inchi 8 kwa 10, na huo ufunikaji umeubeba wewe bure. Swali ni unahitaji kusogea kiasi gani.

Chukua Nikkor M ya 200mm f/8. Hii ndiyo kipenzi changu naitangaza wazi, Copal 0, filta 52mm, gramu 180, simu nyingi za siku hizi zinaizidi uzito. Watu wanaidharau kwa sababu duara lake ni 210 tu. Haya tufanye hesabu, chukueni kalamu. Nusu ya duara ni 105. Filamu ikilala upana nusu yake ni 60. 105 mara 105 ni 11,025, toa 60 mara 60 ambayo ni 3,600, inabaki 7,425, kipeuo cha pili chake ni 86. Toa nusu ya kimo cha filamu ambayo ni 47 na nusu. Inabaki 38 na kidogo. Hizo ni milimita 38 za kupandisha lenzi juu, karibu sentimita nne! Ukiisimamisha filamu wima inakuwa 33. Mlimani huwa mnapandisha ngapi? Kumi, ukizidi sana kumi na tano. Anayehitaji zaidi ya hapo ni mpiga majengo, yule anayesimama kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe Zanzibar anataka mlango na baraza na ghorofa ya juu vyote vikae wima bila kulala nyuma, huyo duara kubwa analihitaji kwelikweli na asinisikilize mimi. Wewe wa porini hesabu hiyo ifanye mwenyewe kwa kila lenzi unayotaka kununua, ni dakika moja, usikubali kuambiwa tu eti duara lake ni dogo. Dogo kwa kazi gani?

Hizi f/9 zimetoka wapi, maana kuna mtu kaniuliza nje hapo. Nyingi asili yake au ukoo wake ni za viwanda vya uchapaji. Zamani kabla ya kompyuta, ili uchape ramani au ukurasa wa gazeti ilibidi uupige picha kwanza kwa kamera kubwa mno, saizi kwa saizi, na walichotaka mafundi ni ukali sawa kutoka katikati mpaka kona na mistari isipinde, apecha kubwa haikuwa shida yao kwa sababu kitu kinachopigwa ni karatasi, haiendi popote, na taa wanawasha wao. Ndio ukaona Artar za Goerz, Apo-Ronar za Rodenstock, G-Claron za Schneider. Kinadharia zimepangwa kwa kitu cha karibu, kwa mbali ukizifunga f/22 zinapiga safi kabisa, na wazee wa milimani waligundua hilo zamani. G-Claron nazipenda kwa uimara, 210 na 240 na 270 na 305 zote zinaingia Copal 1, ila wengi wanaziuza bila shata na hapo bei nafuu inageuka, maana shata peke yake unaweza ukalinunua kwa hela kuliko lenzi. Fuji nao walifanya kazi nzuri mno kwenye hili, Fujinon A ya 180 na ya 240 zote f/9 zote Copal 0, ile 240 ina duara la 336 kwenye lenzi ya robo kilo hivi, ni miujiza, na wenye nazo wanajua ndio maana hawaziuzi. Mwenzake wa f/5.6, Nikkor W ya 240, ni gramu 820 na inataka Copal 3.

Kwa upana, yani 90mm, ujanja ni huohuo. Nikkor SW ya 90mm ipo ya f/4.5 na ipo ya f/8, duara ni lilelile 235, nzito ni gramu 600 na filta 82mm, nyepesi gramu 360 na filta 67mm. Hapa lakini nakiri kwamba f/8 inauma zaidi kuliko kwenye lenzi ndefu, kwa sababu lenzi pana kona zake kwenye kioo zinakuwa giza zenyewe, ukiongezea tundu dogo unatafuta kona kwa kupapasa. Dawa ipo, kioo cha nyuma kikiwa kimekatwa zile pembe nne, chungulia kwenye pembe, tundu la lenzi ukiliona duara kamili uko salama, ukiliona limebanwa kama jicho la paka umepandisha kupita kiasi, rudisha.

Urefu gani wa kuchagua kama ni lenzi moja? Mimi nasema kati ya 180 na 240, na najua wengi mmefundishwa 150 kwa sababu ndiyo inaitwa ya kawaida. Sababu yangu ni huyu mzee hapa nyuma yetu. Kutoka Moshi mpaka Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 30. Kreta ya Kibo upana wake ni kama kilomita 2.4. Gawanya zidisha, kwa 150mm kreta nzima inakuja milimita 12 kwenye filamu yenye upana wa 120, moja ya kumi, umepiga migomba na mawingu na kwa mbali kofia nyeupe. Kwa 300 inakuwa 24. Nchi yetu ni pana, vitu viko mbali, lenzi pana inakutengenezea picha ya anga tupu. Ila ukiwa ndani ya msitu wa Usambara au Udzungwa mambo yanageuka, pale 135 au 150 ndio utaishi nayo, na bahati nzuri 150 f/5.6 za kawaida hazina uzito wa kutisha, Nikkor W ya 150 ni gramu 230 na ni Copal 0, hapo sitaki kubishana na mtu kuhusu f/9.

Kabla hujakimbilia 300 au 450 lakini pima belosi yako. Lenzi ya 300 ikifokasi mbali kabisa inataka kama milimita 300 za belosi, na ukisogea karibu inataka zaidi. Kamera nyingi nyepesi zinaishia 300 na kitu hivi, so unabaki huna pa kusogeza fokasi. Kanuni ni rahisi, urefu wa lenzi zidisha na moja jumlisha ukuzaji. Unataka ua la lobelia robo ya saizi yake kwa lenzi ya 200, ni 200 mara 1.25, milimita 250, unayo, na usisahau mwanga unapungua kama theluthi mbili za stopu, ongeza. Kwa lenzi ya 300 ua hilohilo linataka 375, kamera yako imekwisha. Wanaokwepa hilo wananunua lenzi za tele ambazo zinataka belosi fupi, kwa mfano Nikkor T ya 360mm f/8, ni nzuri sana ila ni karibu gramu 800 zote zimening'inia mbele.

Na hapo mbele ndipo kwenye siri ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya lenzi. Uzito wa lenzi haukai peke yake. Kamera za mbao nyepesi kama Intrepid ya Brighton, kama kilo 1.2, ukizifunga lenzi ya kilo zinainama pua, skrubu hazishiki, unafokasi ukiachia mkono fokasi imehama. Basi unatafuta kamera ya chuma, kilo mbili na nusu, hiyo inataka tripodi nene, tripodi nene inataka kichwa kikubwa, na filta za 95mm, na begi kubwa la kuweka vyote hivyo. Lenzi ya gramu 200 inaenda njia nyingine kabisa, kamera nyepesi inaishika bila shida, tripodi ya kati inatosha, filta ya 52mm inakaa mfuko wa shati. Upepo nao. Pale tambarare ya Shira mlimani alasiri upepo ukianza, belosi iliyonyooshwa sana inageuka tanga la jahazi, picha zote zinatoka na mtikisiko mdogo ambao unauona nyumbani tu ukiweka lupu, kile kioo cha kukuzia. Lenzi fupi belosi fupi.

Filta nipite haraka: chagua lenzi zako zote ziwe 52mm au ziweze kupandishwa hapo kwa ringi, njano, chungwa, nyekundu, basi inatosha kwa filamu nyeusi na nyeupe. Vibao vya lenzi tumia saizi ya Linhof Technika hata kama kamera yako siyo Linhof, ukibadilisha kamera kesho hubadilishi vibao.

Kununua. Jueni kwamba hivi vitu ni mitumba karibu vyote, Nikon wenyewe walitangaza mwaka 2006 kuacha lenzi za kamera kubwa, na Copal nao mashata hawatengenezi tena. Kwa hiyo unanunua kitu cha mtu, kikague kama unavyokagua pikipiki. Washa tochi upitishe mwanga ndani ya lenzi, angalia nyuzinyuzi za fangasi, na watu wa Tanga na Dar na Mombasa mnielewe vizuri hapa, unyevu wenu ni chakula cha fangasi, lenzi ikae kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko na vile vipakti vya silika, isikae kwenye begi la ngozi kabatini. Fangasi kidogo pembeni picha haitaiona ila bei lazima ishuke. Angalia kama gundi ya kati ya vioo imeanza kuachia, utaona pete ya rangi rangi au mabaka ya kung'aa pembezoni. Halafu shata, weka sekunde moja, bonyeza, sikiliza. Sekunde moja unaijua kwa sikio. Ikikwama au ikisuasua ni mafuta yamekauka, fundi anaweza kusafisha, ila hiyo ni hela na mafundi wa Copal hawapo kila mtaa. Na mtu akikuuzia lenzi iliyohamishiwa shata lingine hakikisha namba za apecha kwenye shata ni za lenzi hiyo, maana f/22 ya lenzi ya 210 na f/22 ya lenzi ya 150 tundu si saizi moja, utaunguza filamu boksi zima ukidhani ni dawa.

Maswali yalikuwa mengi, nitaweka mawili.

Dada mmoja kauliza kama f/9 hafokasi asubuhi kabla jua halijatoka afanyeje, maana ndio mwanga mzuri. Nikamjibu afokasi kwanza kitu chenye ukingo mkali dhidi ya anga, mgongo wa mlima au tawi kavu, huo unaonekana hata gizani, halafu kwa kile cha mbele amtume mwenzake akaweke tochi ya kichwani pale kwenye jiwe, afokasi kwenye taa, aizime. Kitambaa kiwe kizito na asubiri dakika mbili tatu humo ndani bila kuchungulia nje, macho yazoee. Lupu ya mara nne, sio ya mara kumi, ya kumi inakuonyesha chengachenga za kioo tu.

Mzee mmoja wa kule mbele, heshima yake, kasema ana Schneider Angulon ya 90mm f/6.8 ya zamani, ndogo kama kizibo cha chupa, je aiuze anunue ya kisasa. Mzee wangu, Angulon inafunika foo bai faivu kwa shida, nafasi ya kusogeza ni kama haipo, na kona zake zinataka f/22 au f/32 ndio zikae sawa. Lakini haina uzito wowote na unaweza ukakunja kamera nyingi ikiwa humohumo ndani. Kwa mandhari ambayo upeo wa macho unaweka katikati au unainamisha lenzi kidogo sana, ni safi. Piga shiti mbili kwa f/32, moja kamera ikiwa imenyooka kabisa na moja umepandisha lenzi milimita tano, safisha, angalia kona za juu. Ukiridhika na ile ya kwanza usiiuze, na ukiiuza niambie mimi kwanza.